Koo la Benitha

Mimi ni Sebahire, mwana wa Gashugi, aliyekuwa akiitwa kuamua mipaka ya mashamba kila majirani wa Mururu walipogombana, na hakuna aliyewahi kurudi kwake kulalamika. Gashugi ni mwana wa Semivumbi, ambaye ng'ombe wake walikamuliwa kwa ajili ya watoto wa wengine kabla ya watoto wake mwenyewe kunywa. Semivumbi ni mwana wa Rwabukamba, ambaye hakula kiapo ovyo maishani mwake. Ndiyo maana siku alipokula kiapo, watu walivua kofia.

Nayataja majina haya kwa sababu wiki iliyopita, msomaji, uliniacha katikati ya salle, ule ukumbi wa Kamembe, nikiwa nimeyaweka rehani. Nilikuwa nimemnyooshea fimbo yule anayejiita Profesa Niyomugabo, nikasema mbele ya wazazi wote waliojaa humo:

"Mjukuu wangu Benitha hajui kusoma, na kiti chako cha kuzungusha hakijamfundisha herufi hata moja. Akisoma ukurasa huo leo, jina langu lifutwe katika ukoo. Watu waruke kutoka kwa Rutayisire mwanangu hadi kwa Gashugi baba yangu, kana kwamba sikuzaliwa!"

Benitha akafungua kitabu. Akafungua kinywa.

Akasoma.

"Mururu ni nchi ya vilima," alisema, kwa sauti nyembamba isiyotetemeka. "Nzahaha hulima muhogo na maharagwe. Butare huteremsha ndizi zake sokoni. Bugarama ni uwanda wa mpunga, na moshi wa saruji huonekana kutoka mbali. Nkombo ni kisiwa, na watu wake ni wavuvi."

Hakukwama. Hakurudia neno. Aliendelea mpaka mwisho wa ukurasa, akafunga kitabu, akainamisha kichwa kama nilivyomfundisha kuwainamia wakubwa.

Salle ikapasuka kwa vigelegele.

"Mzee asiye na jina!" kijana mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Tumuite nani sasa?"

"Tumuite Hewa!"

"Kiswahili yake inavaa kravati, kumbe mwenyewe eko uchi!"

Sikugeuka. Mtu aliyelelewa vyema hageuki kwa kila mbwa anayebweka. Lakini nilikaza fimbo mkononi.

Kwa yeyote aliyekosa matoleo yaliyotangulia, nasema kwa ufupi. Benitha ana akili na ana ulimi, lakini herufi hazikai machoni pake. Profesa Niyomugabo alikuja na dawa. Humketisha mtoto kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, humvisha miwani ya njano, humfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, kisha humzungusha. Asema ubongo wa mtoto umelala upande mmoja, na kizunguzungu huuamsha. Benitha alipotapika, Profesa aliwaambia wazazi kwamba ule ndio ujinga unaotoka.

Na sasa ujinga ulionekana kweli umetoka.

"Batu ba Mungu!" Profesa aliinua mikono, na salle ikanyamaza. "Miye siko muganga wa hirizi. Miye niko muntu wa siyansi. Sikumupa huyu mutoto wimbo, sikumupa sala. Nilimupa majina ya vilima, majina makavu kama kuni. Nani anaweza kukariri kuni?"

"Hakuna!" waliitikia.

Mwanangu Rutayisire, baba yake Benitha, alinijia. Anafanya kazi kiwandani Bugarama, na hata siku ya mapumziko vumbi la saruji halimtoki kwenye nyusi. Alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Papa, uliapa. Batu bote balisikia. Umuombe Profesa msamaha, biishe."

"Nitaomba nikiridhika."

"Ukiridhika na nini tena? Mutoto amesoma!"

Laurence, mke wake, hakuwa anacheka. Alikuwa amemkumbatia Benitha kwa nguvu kama mtu anayemtoa mtoto mtoni, na macho yake yalikuwa mlangoni. Alinisogelea, akaninong'oneza.

"Papa, tuende nyumbani. Nakuomba. Uache ibaki hivi hivi."

"Ibaki hivi vipi, Laurence? Nimefutwa katika ukoo wangu."

"Jina itarudi, Papa. Kuna vitu bingine havirudiake."

Nilidhani ni kiburi cha mama anayetaka kuondoka uwanjani akiwa mshindi. Nikampuuza.

Pengine tungeondoka. Pengine ningemeza aibu yangu, nikapanda kilima cha Mururu bila jina. Lakini mwanamke mmoja wa safu ya nyuma alisimama na kufunga kitenge chake vizuri kiunoni. Jina lake Emerance, mkulima wa mpunga kutoka Bugarama.

"Profesa, miye mvua ilinichelewesha, sikusikia mwanzo. Mutoto asome tena. Wangu naye eko nyumbani, kila mwaka anarudia darasa ile ile, benzake banaota ndevu. Nataka nione na macho yangu kabla ya kumuleta."

"Hapana," Laurence alisema upesi. "Amechoka."

"Mama, ni ukurasa mumoja tu!"

"Asome!" salle ilidai. "Asome!"

Profesa alicheka kwa ukarimu, akamrudisha Benitha mbele. Safari hii mimi nilikuwa nimesimama pembeni, karibu na bega lake.

"Mururu ni nchi ya vilima," alianza.

Na nikauona mkono.

Kitabu alikishika kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto, uliofungwa kitambaa, ulikuwa umejificha nyuma ya jalada, na kutoka nilipokuwa niliviona vidole vyake vilivyochomoza. Aliposema Mururu, kidole kidogo kilikunjwa. Aliposema Nzahaha, kikafuata cha pili. Butare, cha tatu. Bugarama, cha nne. Nkombo, gumba. Kisha vyote vikafunguka, na ukunjaji ukaanza upya.

Msomaji, anayesoma huongozwa na macho. Anayekunja vidole huongozwa na kumbukumbu.

Nami nilijua wapi alikojifunza. Alijifunza miguuni pangu. Wajukuu wangu wengine, wanaosoma na kuandika na kubofya simu, hupotea njia wakifika kwa Semivumbi. Benitha pekee huwataja baba zangu wote bila kosa, mbele ya mgeni yeyote, akikunja kidole kimoja kwa kila jina, kama mimi nilivyofundishwa na Gashugi. Profesa alidhani hakuna mtoto anayeweza kukariri majina makavu. Hakuijua nyumba ya Sebahire.

Alipomaliza, vigelegele vikapanda tena. Benitha alinitazama juu kupitia ile miwani ya njano. Alitabasamu.

"Koko, nimesema muzuri?"

"Vizuri sana, mjukuu wangu," nilijibu. "Sasa weka kidole kwenye neno Mururu."

"Papa!" Laurence alipiga kelele. "Papa, hapana!"

Niliinua fimbo kumnyamazisha. Kweli ilikuwa mbele yangu, na sikulelewa kuipisha njiani.

"Mururu, Benitha. Kilima ulikozaliwa. Kipo kwenye ukurasa huo. Tuonyeshe."

Mtoto akautazama ukurasa. Akautazama kwa muda mrefu, huku midomo yake ikisogea bila sauti. Miwani ikamteleza puani. Akautazama upande wa kulia, akautazama upande wa kushoto, kama mtu anayetafuta uso wa ndugu katika umati wa soko.

Ndipo uso wake ukang'aa. Juu ya ukurasa palikuwa na picha: kilima, migomba, na nyumba ndogo ya bati.

Akaweka kidole juu ya kilima.

"Njo hii," alisema.

Kisha salle nzima ikacheka.

"Anasoma picha!"

"Na Bugarama iko wapi, mutoto? Ni ile nyumba ao ni ile ndizi?"

"Profesa, umemufungua ubongo ao umemufungua dirisha?"

Vijana wa kiwandani walipigana migongo. Wazee walijipangusa machozi. Na lililo baya kuliko yote, Benitha naye alicheka pamoja nao kidogo, kwa heshima, akidhani kuna jambo la kuchekesha lililompita. Kisha akaelewa. Kicheko kikamfia mdomoni, na kidole kikabaki palepale juu ya kilima, kana kwamba akikiondoa kilima kitaanguka.

Niligeuka nikawatazama waliokuwa wananiita Hewa.

"Majina ya baba zangu yamesimama," nilisema. "Huyu hajasoma, amekariri. Na huyu si profesa. Ni fundi wa kiti."

Nilikuwa nimeshinda.

Nilishinda kwa muda wa kupenga kamasi.

Profesa Niyomugabo hakukasirika. Hakukimbia. Alikunja mikono ya shati lake polepole, kama mtu anayejiandaa kula.

"Asante, Mzee," alisema. "Umetusaidia sana. Papa Benitha, njo hapa mbele. Tulipatana nini, miye na wewe?"

Rutayisire alikuwa ameinamisha kichwa. Kicheko cha watu kilikuwa kimempiga usoni kama kofi, na alama yake ilikuwa bado inaonekana.

"Sema, baba yako asikie."

"Tulipatana..." mwanangu alijikohoza. "Tulipatana kama kiti na miwani bikishindwa leo, shida iko kwenye koo."

"Na kama iko kwenye koo?"

"Tunamukata kilimi. Ng'ambo ya mpaka."

Msomaji wa mbali, kilimi ni ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma kabisa ya koo. Wengine hukiita kimio. Kwetu wapo ambao mtoto akikohoa sana hukilaumu kilimi, na hukikata kwa wembe au kwa waya. Sikuwahi kusikia kimelaumiwa kwa kutojua kusoma. Lakini uongo nao huzaa watoto.

"Haiwezekani," nilisema. "Rutayisire, shangazi yako Nyirarukundo alikufaje?"

"Papa, hiyo ilikuwa zamani..."

"Alikufaje?"

"Alikatwa kilimi."

"Alikatwa kilimi kwa sababu ya kikohozi. Damu haikukoma. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Na wewe umepatana na mtu huyu bila kuniambia?"

Kabla hajajibu, sauti ilitoka nyuma yangu, sauti ambayo sikuitambua, ingawa nimeisikia nyumbani kwangu kila siku.

"Miye njo nilimukaririsha!"

Alikuwa Laurence. Kilemba kilikuwa kimemwanguka na hakukiokota.

"Miye, Papa! Si Profesa. Profesa aliniachia kitabu nyumbani, akasema: mutoto akisoma siku hiyo mbele ya batu, amepona, biishe. Asiposoma, kilimi. Nilimufundisha neno kwa neno. Tunachagua mchele, tunarudia. Tunaosha sahani, tunarudia. Tungetoka hapa na koo yake nzima! Nilikuambia unyamaze! Sikukuambia?"

Mvua ilidondoka kutoka kwenye bati.

"Ulinificha," nilisema.

"Sababu wewe hauwezi kuficha kitu! Ungetafuta mahali pa juu, upande, uhubiri!"

"Uongo hauokoi mtoto, Laurence."

"Na kweli yako imemuokoa?"

Mkwe anayempazia sauti baba mkwe mbele za watu hajibiwi; hurudishwa kwenye adabu kwanza. Nilimkumbusha tu jambo moja.

"Ni wewe uliyemleta hapa siku ya kwanza, kwa mkono wako mwenyewe."

"Ndiyo, nilimuleta!" Alijipiga kifuani. "Kwenye masomo benzake balimuita kichwa ya mbuzi. Nyumbani wewe ulimuita muvivu. Huyu Profesa njo muntu wa kwanza alimuuliza jina yake, akamuita Benitha. Ningemupeleka wapi?"

Profesa aliweka mkono kifuani, kama mtu aliyeguswa sana na sifa. Kisha akachukua kijiko mezani.

"Njo, Benitha. Fungua kinywa. Usiogope, batu baone tu."

Mtoto alifungua. Baada ya yote yale bado alikuwa mtiifu, na Mungu anajua ni nani aliyemfundisha utii huo. Profesa alimkandamiza ulimi kwa kijiko, akamgeuza uso kuelekea mwanga wa mlango.

"Muone! Maneno yanaingia kwenye masikio, yanakaa kwenye kichwa, hata Mzee mwenyewe ameshuhudia, mutoto anakariri kama kasuku. Lakini yakitaka kushuka kwenye macho, yanagonga hii nyama. Muone vile inaning'inia!"

Watu waliacha viti vyao. Walipanga mstari, naam, mstari kama wa kupokea sakramenti, wakapita mmoja mmoja kuchungulia kooni mwa mjukuu wangu.

"Kweli iko!"

"Iko mrefu!"

"Na ni nyekundu, mama weee!"

"Kila mtu anacho!" nilinguruma. "Ninyi nyote mnacho! Wewe Emerance, fungua kinywa, tukutazame na wewe!"

Emerance alifunga mdomo kwa ncha ya kitenge, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Miye siko mugonjwa, Mzee."

"Nawe hujui kusoma?"

"Miye najua kusoma!"

"Basi kilimi chako mbona hakikukuzuia?"

Watu kadhaa walicheka, na safari hii kicheko kilikuwa upande wangu. Nikakidaka kabla hakijapoa.

"Sikilizeni! Mwalimu wake, Madame Uwimbabazi, ameniambia waziwazi: masikio ya mtoto huyu ni mazima, macho mazima, akili nzima. Herufi ndizo zinazomchanganya. Wapo watoto wa namna hiyo kila mahali duniani, na dawa yao ni kufundishwa polepole, herufi kwa herufi, mwaka baada ya mwaka, na mtu asiyechoka."

Profesa alisubiri nimalize. Adabu yake ilikuwa kali kuliko tusi.

"Mwaka baada ya mwaka," alirudia taratibu, akiwatazama wazazi. "Mumesikia Mzee? Mwaka. Baada. Ya mwaka. Miye nasema mchana mumoja."

Na hapo, msomaji, niliwaona wakinitoka mmoja mmoja. Sikuwaona kuwa wajinga. Niliwaona kuwa wamechoka. Baba anayetoka kiwandani akiwa na saruji mapafuni, mama anayetoka mashambani akiwa na maji hadi magotini, ukimwambia mwaka baada ya mwaka, na mwingine akamwambia mchana mmoja, atasikia sauti gani?

"Rutayisire," nilisema kwa upole nisiouzoea. "Mwanangu. Nakukataza."

Aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamekauka.

"Papa, batu bamemucheka mutoto wangu. Kesho kiwandani bataniita Papa Picha. Nani alibafanya bacheke? Profesa ao wewe?"

"Nilisema kweli."

"Ulisema hajui kusoma. Muzuri. Nimekuamini. Sasa unataka abaki vile?"

"Nataka abaki hai!"

"Ungemuacha asome picha yake," mwanangu alisema. "Alikuwa amepona tayari."

Akatoka kutafuta pikipiki. Profesa akamfuata, akivaa koti lake, akisema kwa sauti ya mtu anayepanga safari ya harusi kwamba atatangulia darajani. Wanaume wa kiwandani wakamzuia Laurence mlangoni kwa maneno matamu: "Maman, tulia, Papa wa mutoto amesema." Nikabaki na Benitha.

Hakuwa analia. Alikuwa amevua ile miwani na kuikunja vizuri, kama kitu cha kurudishwa kwa mwenyewe. Kitambaa kilikuwa bado mkononi.

Katika nyumba yangu mtoto aliyehuzunika habembelezwi. Husimamishwa wima akatajishwa baba zake, akajua kwamba nyuma yake upo ukuta. Hivyo ndivyo nilivyofanya.

"Simama vizuri, Benitha. Taja baba zako."

Alisimama. Akauinua mkono wa kushoto mbele ya kifua.

"Miye ni Benitha," alisema. "Wa Rutayisire." Kidole kidogo kikakunjwa.

Akanitazama. Kidole kilichofuata hakikukunjwa. Alikiacha kimesimama peke yake, akakunja kile cha kati.

"Wa Gashugi. Wa Semivumbi. Wa Rwabukamba."

"Umesahau mmoja."

"Sikusahau, Koko."

"Nilisema jina langu lifutwe ukisoma. Hukusoma, Benitha."

Alifikiri, kwa makini yaleyale ya kutafuta kilima kwenye ukurasa.

"Nilikuwa nasoma," alisema. "Mupaka wewe ulikuja."

Pikipiki ilinguruma nje. Rutayisire akaingia, akambeba mtoto begani kama mfuko wa saruji, bila hasira, bila kunitazama. Kabla sijafika mlangoni moshi tu ndio ulikuwa umebaki.

Laurence aliwang'ata wale wanaume. Nasema aliwang'ata, kwa meno, na mmoja wao ana alama hadi leo. Tukadandia pikipiki ya kwanza iliyosimama, yeye katikati na mimi nyuma, mzee wa rika langu nikimshika mkwe wangu kiuno, jambo ambalo mila inalikataza na mteremko wa kwenda mpakani ulinilazimisha. Mvua ilitupiga usoni.

Tuliwakuta kwenye kizuizi.

Ruzizi, mto wa mpaka, ilikuwa imejaa, nyekundu kwa udongo, inanguruma chini ya daraja. Ng'ambo, Profesa Niyomugabo alikuwa amekwisha kuvuka. Alisimama chini ya paa la duka, na kando yake alikuwa mwanamke mzee aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, akifuta kitu chembamba kwa pindo la nguo yake.

Rutayisire alikuwa amemshika Benitha mkono, akizungumza na afisa wa mpaka, binti kijana aliyevaa koti la mvua.

"Zuia huyo mtoto!" nilipaza sauti. "Anapelekwa kukatwa!"

Afisa aligeuka.

"Wewe ni nani, Mzee?"

"Mimi ni Sebahire wa Gashugi, babu yake!"

"Hapana," Rutayisire alisema upesi, bila kunitazama. "Ni muzee wa mtaani. Kichwa yake imechoka. Anafuataka batoto ba batu."

Mwanangu alisema hivyo. Damu ya Rwabukamba ambaye hakula kiapo ovyo ilisema hivyo, katikati ya mvua, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ni uongo!" Laurence alilia. "Miye ni mama yake!"

"Na huyu mwanamke ni nani tena?" afisa aliuliza.

"Ni muke wangu, tuligombana," Rutayisire alisema. "Unajua mambo ya nyumba."

Afisa alitutazama sote watatu, tuliolowa kama kuku. Foleni nyuma yetu ilikuwa inalalamika. Akina mama wenye mabeseni kichwani walitaka kuvuka. Binti yule akachuchumaa mbele ya Benitha, akampangusa maji usoni.

"Usiogope, mtoto. Mimi nitakuamini wewe peke yako. Huyu Mzee unamjua? Ni nani kwako? Kama ni babu yako kweli, hakuna atakayevuka hapa leo mpaka nijue kuna nini. Kama si babu yako, nenda na baba."

Rutayisire akamkaza mkono. Laurence akafumba macho. Ng'ambo, yule mwanamke mzee akasimama kutoka kwenye ndoo.

Benitha akautoa mkono wa kushoto chini ya kanga iliyomfunika. Kitambaa cha Profesa kilikuwa bado kimefungwa, kimelowa, kinadondosha maji. Akauinua mbele ya kifua, akasimama wima.

"Miye ni Benitha," alimwambia afisa. "Wa Rutayisire."

Kidole kidogo kikakunjwa.

Kisha akanitazama, na kidole cha pili kikabaki hewani.

Nami nawaacha hapo hapo, chini ya mvua, kama nilivyoachwa mimi. Lakini ninyi vijana, mnaosoma gazeti hili mkiwa mmeegemea kaunta za maduka ya wenzenu, mkicheka habari ya mtoto aliyesoma picha, simameni wima. Nendeni mbele ya kioo. Fungueni vinywa vyenu hadi mwisho mkitazame kilimi chenu, kila mmoja chake, kilivyotulia mahali alipokiweka Mungu. Mkishakiona, fungeni vinywa, na safari hii sikieni anaposema aliyemshika Nyirarukundo kichwa.